Jina Lililoandikwa kwa Heshima ya Kaka

Mwalimu Selestina Senyagwa alifundisha miaka thelathini na moja katika shule za Kilosa, na kwa muda wote huo hakusikia jina la ukoo wa mumewe likitajwa vibaya. Kwa hiyo siku moja ya mwaka 2006, mteja wa zamani alipompigia simu kumwambia kuwa tovuti ya nyumba yao ya wageni haifunguki, alivaa viatu vya kanisani akapanda gari la Mikumi.

Pale Mikumi, karibu na kituo cha mabasi, Nassir alikuwa na duka la intaneti. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, ila mbele ya Selestina alisimama kama yuko darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nitafutie nyumba yetu humo ndani."

Nassir alitafuta kwa muda. "Imefungwa. Kuna mtu kalalamika kwamba maelezo ya mwenye jina la tovuti si sahihi. Kampuni iliyowasajili, huko ng'ambo, ikaandika barua pepe kuuliza, ikangoja siku kumi na tano. Kimya. Mkikaa kimya mwezi mmoja zaidi, jina linauzwa." Akasogeza kiti. "Huyu Gerald Senyagwa aliyeandikwa kuwa mmiliki ndiye nani?"

"Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu. Alikuwa analima maharage milimani, juu ya Kidete. Kompyuta hakuwahi kuiona."

"Sasa humu kaingiaje?"

Selestina alijua vizuri kaingiaje. Mwaka 2001 Melkizedek, mumewe, alijaza fomu ya kusajili jina la tovuti akiwa ameiweka juu ya goti. Alipofika kwenye nafasi ya mmiliki akainua kalamu. "Jina hili ni la baba," alisema. "Nitajiandikaje mimi, na kaka yupo?" Selestina aliona neno hilo ni la mtu aliyelelewa. Anwani wakaweka sanduku la posta la kanisa, kwa kuwa barua zao zote zilipitia huko. Simu wakaandika ya ofisi ya mchungaji, ambayo baadaye ilikatwa. Barua pepe ilifunguliwa na Anitha, mwenye duka la kwanza la intaneti, naye alihamia Songea na neno lake la siri. Gerald alifariki mwaka 2003, Melkizedek akamfuata mwaka uliofuata. Hakuna aliyekumbuka kubadilisha yaliyoandikwa kwenye ile fomu.

Waliiandikia kampuni. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la adabu na fupi: mwenye jina athibitishe mwenyewe, na kama amefariki, kiletwe cheti cha kifo pamoja na hati za mirathi.

Selestina akampigia simu Cleopa, mtoto wa Gerald.

"Cheti cha nini, mama mdogo? Si tulimzika wote?"

Ni kweli, walimzika wote. Kilima kizima kilikuja na mchungaji akaongoza ibada, lakini hakuna aliyekwenda serikalini kuomba karatasi. Cleopa alipokwenda wilayani aliambiwa atafute mashahidi na barua ya mtendaji wa kijiji, kisha asubiri. Huenda miezi minne.

"Mwalimu, iko njia moja," Nassir alisema. "Tunaandika barua, unaweka sahihi ya Gerald, tunaituma kwa faksi. Wale hawamjui. Watu wanafanya hivyo kila siku."

"Nitie sahihi kwa jina la maiti?"

"Yeye hatalalamika."

"Sisi hatughushi, Nassir."

Selestina alikaa pale, kalamu ikiwa ndani ya mkoba wake, asiitoe.

Mwezi ukaisha. Selestina aliporudi Mikumi, Nassir alifungua tovuti, akawahi kufunika kioo kwa kiganja, lakini Selestina alikuwa ameshaona: wanawake nusu uchi, na juu yao, kwa herufi kubwa, Senyagwa.

"Nionyeshe mmiliki."

Mmiliki mpya alikuwa Bwana A. A., wa mji usiotajwa, mwenye namba ya simu ya sifuri tupu. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze, Selestina alipata nguvu.

"Maelezo haya ni ya uongo mtupu. Andika malalamiko."

Nassir akaandika. Baada ya siku kumi na moja kampuni ikajibu kwamba mwenye jina ameulizwa, amejibu, na shauri limefungwa.

"Amejibu nini?"

"Amethibitisha kwamba maelezo yake ni sahihi."

"Na wamemwamini."

"Amejibu, Mwalimu. Wanachotaka ni hicho tu."

Jumapili, baada ya ibada, Mchungaji Urbanus alimvuta kando. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama ile nyumba ya marehemu imebadili biashara. Selestina alimweleza habari za fomu, za kaka mkubwa na za zile siku kumi na tano. Mchungaji alitikisa kichwa taratibu, kama anayemsikiliza mfiwa.

"Lakini jina lile ni lenu, mama?"

"Ni letu."

"Basi waambie waliondoe."

"Nitawaambia," Selestina alisema, akashika njia ya nyumbani.