Saa Kumi ya Simu Yangu

Niko hai kwa sababu ya Mama Njeri, mwenye boti ya watalii Ziwa Naivasha, nami namshukuru kila siku.

Mimi hufundisha hesabu Lanet, na wikendi huendesha mashua ndogo ya tanga. Jumamosi iliyopita nilimbeba shemeji yangu Wafula, asiyejua kuogelea. Simu yangu, niliyoiweka kwa Kiswahili, ilisema: "Upepo mkali kuanzia saa 10." Nikamtuliza Wafula kwamba tuna muda mpaka jioni.

Saa nne asubuhi upepo ukatupindua. Tulielea kwa jaketi zetu za kuokoa maisha, Wafula akinikaba shingo na kutaja watoto wake mmoja mmoja, hadi Mama Njeri akaja kutuvuta.

Ndani ya boti nikaanza kumweleza, polepole, kwamba utabiri wa simu haulijui ziwa letu wala milima yake.

"Lete hiyo simu, mwalimu." Akaisoma. "Hapa pembeni pameandikwa asubuhi. Hii ni saa kumi ya Kizungu, yaani saa nne. Simu haikukudanganya."

Wafula alikuwa akikamua soksi. "Na anafundisha hesabu," akamwambia.