Masale ya Mama Aikande

Watu wanapenda kusema Mama Aikande alichanganyikiwa mwaka ule. Mimi nasema tulichanganyikiwa sote, ila yeye alikiri. Ni jirani yangu huku juu ya Usa River, tumetenganishwa na mfereji tu, na mambo haya niliyaona tangu mwanzo.

Jina lake ni Kaanaeli. Mumewe, Dismasi, aliondoka mwaka tisini, bei ya kahawa ilipoanguka. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwanamume alikuwa akiota Mererani, na Dismasi naye akaenda kuchimba tanzanite, akiahidi kurudi Krismasi. Krismasi ikapita, na nyingine baada yake. Hakuna barua, hakuna maiti. Mtoto wao ni mmoja, Aikande, wa kike, na kwetu binti harithi shamba; hapo ndipo Sifael, ndugu wa Dismasi, alipoona mwanya. Kwetu mtu asiyepatikana mwili huzikwa mgomba badala yake, na msiba ukiisha ukoo hukaa kugawa shamba. Sifael alitaka mgomba huo uzikwe upesi. Simsingizii, aliyasema mwenyewe mbele ya kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Mwaka tisini na nne wakaja watafiti. Aliyezungumza nasi alikuwa binti wa chuo kikuu, Evelyn.

"Shikamoo, mama. Tunaomba mahali patulivu tufukie chombo chetu mwaka mmoja."

Kaanaeli akawapa sehemu katikati ya migomba. Wakachimba shimo la kina cha kiuno, wakamwaga zege chini, wakaweka juu yake kitu kama sufuria iliyofunikwa, na waya ukatoka kwenda kwenye betri. Evelyn akatueleza kwamba ardhi ikitetemeka kule Japani au Amerika Kusini, mawimbi yake hupita ndani ya dunia mpaka kwetu, na chombo kinayapokea. Walitaka kujua kuna nini chini kabisa, hata milima ya moto ikaota huku na si kwingine.

"Sasa utajuaje wimbi limepita wapi," Kaanaeli akauliza, "na wewe umeliona likifika tu?"

"Kwa kuchelewa kwake, mama. Likikuta mwamba wenye moto mwingi linapunguza mwendo. Likichelewa, tunajua limepita kwenye joto."

Mimi niliona ni maneno ya watu walioshiba.

Sharti lilikuwa moja: asikanyage mtu wala ng'ombe karibu, maana hata hatua ya mguu chombo kinaisikia. Basi Kaanaeli akafanya ambalo Mmeru yeyote angefanya, akapanda masale, ile mimea ya majani marefu, pande zote nne. Masale ndiyo mpaka wetu, ukiyaona huvuki. Alichosahau, na mimi nikasahau pamoja naye, ni kwamba masale yakizunguka mahali katikati ya migomba, hapo ni kaburi.

Masika yalipokwisha, masale yalikuwa yameshika vizuri. Wapita njia wakaanza kuvua kofia. Halafu asubuhi moja akina mama wa kanisani wakaingia na unga na sukari, wamejifunga khanga kiunoni.

"Pole sana, Mama Aikande. Kumbe ulimpata, ukamzika kimya kimya."

Akawaambia ni mashine ya kusikiliza Japani. Wakaitikia "ndiyo, mama," kwa ile sauti ya kumwitikia mgonjwa wa malaria. Walipoondoka alikuja kwangu akilia kwa hasira.

"Mama Bariki, na kama wao ndio wanaojua? Leo nimepita pale, na mimi nimeinamisha kichwa."

Nilimpa chai.

Mwaka uliofuata watafiti wakaja kutoa chombo chao. Sifael alikuwa amepata habari, naye akatokea na wazee wawili wa ukoo na shina la mgomba lililokwisha kukatwa, limeviringishwa shuka jeupe.

"Shemeji, shimo lipo, masale yapo. Tunangoja nini tena?"

Nilitamani kumzaba kofi. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba, kwa dakika moja, niliona anasema kweli.

Kaanaeli alimgeukia Evelyn aliyekuwa anakunja waya.

"Mwanangu, hilo wimbi lako lilichelewa kiasi gani?"

Evelyn akashangaa. "Hatujamaliza hesabu, mama. Sekunde moja, mbili hivi."

"Sekunde mbili?"

"Ndiyo, mama."

Kaanaeli akacheka mpaka akashika magoti. "Sekunde mbili! Mmechimba shimo, mmesikiliza mwaka mzima, na bado mnarudi chuoni kuulizana limepita wapi. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema limekufa. Mume wangu amechelewa miaka mitano, na huyu kaja na mgomba!"

Wazee wakatazamana. Yule mkubwa akamwambia Sifael abebe mzigo wake, neno hilo lingoje. Lingoje mpaka lini, hakusema.

Kesho yake Kaanaeli aliniita. Alikuwa ameshavunja zege kwa sururu. Masale ya upande mmoja, unaotazama njia ya kuteremka Usa, alikuwa ameyang'oa, na pande tatu ameziacha. Pembeni ya shimo kulikuwa na mche wa mgomba, mzima, na mizizi yake.

"Nishikie," akasema.

Nikaushika wima, yeye akawa anavuta udongo kwa jembe. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayafuti. Nilivumilia nikashindwa.

"Mama Aikande, hapa tunapanda au tunazika?"

Akasimama, akalitazama jembe, akaitazama ile njia.

"Sijui," akasema. "Wewe shindilia udongo."

Nikashindilia.