Sikulamba Cheti, Nililamba Kidole

Jamani, aibu hii nilikusudia kwenda nayo kaburini, na ningekwenda nayo kweli kama mama yangu asingeisimulia kwenye jumuiya yao kule Kagoma, tena si mara moja, na kila akiisimulia inaongezeka kidogo, mpaka juzi nimekutana na mtu sokoni Kamachumu, simjui hanijui, akaniuliza kama mimi ndiye yule nesi aliyekula cheti chake. Sasa naomba nisikilizwe. Cheti sikukila. Hata kukilamba sikukilamba. Nililamba kidole, na kidole ndicho kilichogusa cheti, na tofauti hiyo nataka muielewe kabla hamjaanza kunicheka.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya uuguzi, leseni ninayo, mwaka wa pili najitolea kwenye zahanati moja pale Bukoba na nimepanga chumba Ijuganyondo (kujitolea mnakujua, unapewa asante na chai). Zikatangazwa nafasi za kada za afya. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa saa kumi jioni, na masharti yalikuwa wazi: kila cheti kitolewe kopi, wakili ailinganishe na cheti halisi, aigonge muhuri, ndipo uiskani na kuipandisha kwenye mfumo. Vyeti vya shule na vya chuo nilikuwa navyo. Kilichobaki ni cha kuzaliwa, na hicho alikuwa nacho mama.

Mama ni mkulima wa migomba na kahawa, shule aliishia darasa la nne, ila karatasi anaziheshimu kutuzidi sisi tuliosoma. Cheti changu kiliandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino, na karani fulani mwenye mwandiko wa kuvutia, na tangu siku hiyo kilikaa ndani ya nailoni, nailoni ndani ya sanduku la bati. Nilipokwenda kukichukua Jumatano alikitoa taratibu, akakitazama mbele na nyuma, akaniagiza nisikitoe kwenye nailoni mpaka nifike kwa wakili. Nikamwambia mama, mimi ni mtu mzima, tena nachoma watu sindano. Akanifungia na ndizi za kwenda nazo.

Sasa hapa ndipo uhaya wangu uliponiponza. Mnajua watu wa mikoa mingine wanatuita nshomile, yaani "nimesoma", kwa kututania kwamba tunapenda kuonekana tumesoma kuliko wote. Basi mimi, badala ya kutoa kopi ya kawaida nyeusi na nyeupe kama binadamu wengine, nikasema maombi yangu lazima yang'ae. Nikaenda kwa rafiki yangu mwenye steshenari, alikuwa amenunua mashine mpya, nikamwomba anitolee kopi ya rangi. Akatoa. Nikaiona karatasi yake nyepesi, nikamwambia atafute ngumu, na iwe na umanjano kidogo kama ile ya zamani. Akahangaika mpaka akaipata, na ilipotoka, lo, ungedhani ni mapacha. Hata alama ya kukunjwa katikati ilionekana. Nikajiona nimeshika dunia.

Kwa wakili Alhamisi asubuhi tulikuwa kama kumi na wawili kwenye benchi, wote wa maombi yaleyale. Pembeni yangu alikaa dada mmoja muuguzi kutoka Kamachumu, ameshika kopi zake za kawaida zilizofifia pembeni. Kimbelembele changu kikashindwa kutulia. Nikamwonea huruma, nikamwambia siku hizi mambo ni ya rangi, nikatoa cheti kwenye nailoni (ndiyo, kwa mara ya pili, ya kwanza ilikuwa steshenari), nikakiweka sambamba na kopi nikamwambia achague kipi halisi. Akashindwa. Nikawapitishia na wengine, vikatembea benchi zima, huyu anakisia hiki, yule anakisia kile, mimi nacheka, na viliporudi mikononi mwangu ndipo nikagundua kwamba na mimi nilikuwa sijui tena kipi ni kipi.

Kabla sijapata akili nikaitwa. Wakili alikuwa mzee mpole mwenye miwani, mlango wake uko wazi na benchi lote linasikia. Nikamwamkia, nikaweka karatasi zote mbili mezani. Akazitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kijana, cheti halisi ni kipi?"

Nikazitazama moja baada ya nyingine. Akaniuliza tena, safari hii upole umepungua, akasema mwenye cheti asiyekijua cheti chake anamtia mashaka, na kwamba anajua watu waliofukuzwa kazi kwa sababu ya vyeti vya kughushi. Neno kughushi likatoka mlangoni likafika benchi, nikasikia minong'ono. Alikuwa tayari ananyoosha mkono aziinue kwenye mwanga wa dirisha, na kama ningemwacha azipime kwa njia yake mkasa ungeishia hapo. Lakini mimi nimesoma. Nikakumbuka kwamba kopi ya rangi ukiilowesha rangi inachuja. Nikalamba kidole, nikachukua karatasi ya kushoto, nikasugua kwa nguvu pale palipoandikwa jina la baba.

Wino ukachuja. Nikamwambia wakili kwa furaha kabisa, hii ndiyo kopi.

Wakili akaichukua ile nyingine, akalamba kidole chake mwenyewe (mzee wa watu, nilishamwambukiza), akasugua. Haikuchuja hata nukta. Akainua ile yangu kwenye mwanga, akaikagua, kisha akaiweka chini polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Kopi za mashine za siku hizi hazichuji," akasema. "Kinachochuja ni kalamu ya wino. Umefuta baba yako."

Nje benchi zima lilikuwa limesimama mlangoni. Sikuwatazama. Nilitamani ardhi ipasuke, na si kwa ajili ya kichekesho tu, maana akili ilikuwa inapiga hesabu: bila cheti hakuna muhuri, bila muhuri hakuna maombi, na nafasi kama zile hazitangazwi kila siku. Yule dada wa Kamachumu aliingia baada yangu, akatoka baada ya dakika tatu na kopi zake zilizofifia zimegongwa zote, akaniambia pole kwa sauti ya mtu anayebana kicheko. Wakili, Mungu ambariki, hakunifukuza. Aliniambia kumbukumbu za kuzaliwa kwangu ziko kwenye daftari la wilaya kule Muleba, niende nikaombe cheti kingine, ila niende na mzazi.

Na mzazi. Nilijikaza kisabuni nikapanda gari la Kagoma mchana uleule. Njiani nilitunga uongo wa kila aina, mvua, panya, mtoto wa jirani, lakini nilipofika nikamkuta mama anamenya ndizi, akanitazama mara moja tu akaniuliza kiko wapi. Nikamwambia yote. Hakufoka. Alifuta mikono, akakipokea, akapapasa lile doa la bluu mahali alipokuwa marehemu baba. Jamani, bora angenichapa.

Ijumaa saa mbili tulikuwa Muleba. Karani akauliza cheti cha awali kimepatwa na nini, nami nikaanza kwa Kiswahili cha kiofisi kwamba waraka ulipata unyevu kwa bahati mbaya, mama akanikatiza mbele ya foleni nzima, na "waitu" yake, neno letu Wahaya la heshima. "Alikilamba, waitu. Ni nesi huyu, amesoma, amekilamba." Foleni ikaangua kicheko, karani akalaza kichwa juu ya daftari, na naamini kabisa kicheko kile ndicho kilichotusaidia, kwa sababu yule mama karani alitafuta kumbukumbu yetu kama anamtafutia ndugu yake, akaipata, na kabla ya saa sita cheti kipya kilikuwa tayari. Nikanyoosha mkono kukipokea. Mama akakipokea yeye.

Tukaenda naye mpaka Bukoba, amekikumbatia njia nzima. Kwa wakili alikishika mwenyewe kwa mikono miwili, mzee akakisoma vilevile kikiwa mikononi mwa mama, akagonga muhuri kwenye kopi nyeusi na nyeupe niliyotoa nikiwa nimeinamisha kichwa. Maombi yakapanda saa tisa na dakika arobaini.

Baadaye nikaitwa kwenye usaili. Mama akasema cheti hakitoki nyumbani bila yeye, na nani angembishia. Ndani nilikuta jopo la watu watatu, katikati mama mmoja mtu mzima mwenye sura ya kazi, wakaniambia niweke mezani vyeti vyote halisi. Nikaviweka. Akavihesabu, akauliza cha kuzaliwa kiko wapi.

"Kiko nje."

"Nje wapi?"

"Kwa mama."

Walitazamana. Ikabidi nieleze, na nilieleza yote nikiwa nimesimama na tai yangu, mpaka wa pembeni akaacha kuandika. Akaitwa mama. Akaingia na kitenge chake cha Jumapili, akapiga goti kuwasalimia kama tunavyofanya huku kwetu, cheti amekiinua juu kisiguse sakafu. Yule mwenyekiti akainuka mwenyewe kwa heshima, akanyoosha mkono kukichukua, mama akakirudisha nyuma kidogo.

"Samahani, waitu. Mikono yako imekauka?"

Kazi nilipata. Tangu siku hiyo kopi zangu zote ni nyeusi na nyeupe, na nimeapa sitampima mtu wala karatasi kwa mate, lakini cheti chenyewe bado kiko kwa mama, na kila nikimwomba anauliza nakitakia nini.