Kibuyu cha Bernadina

Bernadina alifukuzwa Kwamsisi kwa kosa la kula. Ulikuwa mwaka wa nzige, zama za Mwingereza, na mama mkwe wake, Bibi Justa, alisema nyumba yake haina nafasi ya mdomo wa ziada. Hiza, mumewe, alikuwepo. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, maana ndivyo walivyo wanaume wa mama zao.

Binti mwingine wa miaka kumi na saba angebaki kwao Korogwe ya Zamani, ale ndizi za mtoni na kusahau. Huyu hakukaa. Mawingu yalipoanza kujikusanya alimlilia mama yake mpaka akapewa kibuyu cha mbegu za mahindi, zilizochanganywa na majivu zisibunguliwe. Akakiziba, akashika njia. Kwa mumewe hakukuwa na hata punje ya kupanda. Akiwafikishia hizi, aliwaza, wataanza upya wote, yeye na Hiza, hata na yule bibi.

Njia ilikuwa imejaa wenye njaa. Pale Kabuku alisimamishwa na Kasmiri, mchuuzi wa tumbaku mwenye baiskeli. Alimpokonya kibuyu, akakitikisa sikioni. Kikalia chakacha.

"Umebeba nini, dada?"

"Babu yangu," Bernadina akasema, bila kujua neno lenyewe limetoka wapi. "Alikuwa mganga huko Usambara. Alikuwa amelala. Sasa umemwamsha."

Kasmiri alikiweka kibuyu chini kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee," akakiambia, kisha akaondoka mbio hata kofia yake ikabaki njiani. Bernadina alicheka mpaka akakaa chini. Hakuwa amecheka tangu nzige waje.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na Kasmiri alikuwa na baiskeli, tena anaelekea Kwamsisi.

Bernadina alipofika, kesho yake mchana, ua ulikuwa umejaa majirani waliokwisha kusikia kwa Kasmiri habari za mganga wa kibuyuni. Hakuna aliyemsogelea, hata Hiza mwenyewe alisimama nyuma ya mama yake. Mbele ya macho yale yenye njaa angetajaje mahindi?

"Kisiguswe," akasema. "Nikiamka nitamwambia mume wangu, peke yake." Akakiweka pembeni, akaingia ndani, akalala kama mfu.

"Amekuja kutumaliza," Bibi Justa akanong'ona. "Hiza, kichome."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Hiza hakusita.

Bernadina aliamshwa na harufu. Alidhani yuko kwao, mama yake anakaanga bisi. Kisha akasikia milio, pa, pa, pa, na watoto wakishangilia.

Uani watu walikuwa wamepiga magoti, wanagombania punje na kuungua vidole. Bibi Justa alikuwa ameshaelewa. Alipekua majivu akitafuta hata punje moja mbichi, na kila aliyoiminya ilikuwa imeiva. Alikuwa analia.

"Ungesema, Bernadina," Hiza akasema.

Bernadina hakuwa ametia kitu kinywani tangu Kabuku. Akapiga magoti pamoja nao, akaokota, akatafuna. Mahindi yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Walikuwa bado wanaokota ilipoanza mvua, mvua nzuri ya kupandia, ikauzima moto.