Nani Atanishikia Pasi

"Nimesema na nitasema tena," Chuma alisema bila kuinua macho kutoka kwenye shuka lililokuwa mbele yake. "Mtu mmoja, asubuhi moja, mara nne chooni. Hiki ni chumba cha pasi au ni mahali pa kupunga upepo?"

"Mara tatu, wifi," alijibu mdogo wa mumewe kutoka upande wa pili wa meza. "Ya nne nilikwenda kujaza chupa ya maji."

"Ili upate sababu ya tano."

Wanawake wengine watatu wakacheka chinichini. Walidhani ni maneno ya wifi na wifi, ambayo hayajawahi kuvunja mfupa wa mtu. Hawakujua kwamba asubuhi ile Chuma alikuwa ameshaingia kwa msimamizi, akafunga mlango, akaeleza kwamba watu wanakunywa maji kama ng'ombe na yeye ndiye anayeshinda ameshika pasi za wenzake. Kabla shuka lile halijakunjwa, msimamizi akatoka ofisini, mkono mmoja kufuli, mkono mwingine chaki.

"Chuma ameniambia yote. Choo kitafungwa," alisema. "Kila mtu ana zamu moja kabla ya chakula cha mchana na moja baada ya chakula. Ukichukua ufunguo unatia alama ubaoni."

Akaandika mistari mitano ubaoni, akapangusa mikono, akarudi zake. Tangu saa ile jina lake likawa Kufuli.

"Haya, wifi," mdogo wa mumewe alisema. "Umetufunga."

"Mimi nilisema watu wapunguze. Sikutaja kufuli."

"Ulimwita wa kubomoa. Sasa unashangaa ukuta umelala?"

Chuma si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na meza ile. Walikuwa wanawake watano, pasi tano, nyaya zake zikining'inia kutoka darini, na dirisha moja linalofunguka nusu. Mashuka ya nyumba za wageni yalikuja yakiwa na unyevu, yakatoka yamenyooka kama karatasi. Joto la chumba kile lingeweza kupika yai juu ya kiti. Na meza ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: pasi ya moto haiachwi peke yake. Kuna siku mtu aliacha yake "mara moja tu", na pasi ikala gauni la bibi harusi, ikala na kitambaa cha meza, ikafika kwenye mbao. Kuzima nako hakufai, kwa sababu pasi zile kuukuu zikishapoa huchukua muda mrefu kupata moto tena. Basi anayetoka humwambia jirani yake, "nishikie", na jirani hufanya kazi kwa pasi mbili, hii ikipita ile ikipumzika, mpaka mwenyewe arudi. Ukishikiwa, unadaiwa. Hakuna anayehesabu kwa sauti, na hakuna anayesahau.

Kwa miaka kumi na moja Chuma hakuwahi kumwambia mtu nishikie. Siri yake haikuwa siri: alikuwa hanywi. Alfajiri kikombe kimoja cha chai, kisha koo kavu mpaka jioni, ndipo anywe kama anayezima moto. Aliyajifunza haya akiwa msichana, katika kazi yake ya kwanza ya kufulia watu. Choo kilikuwa ndani ya nyumba ya mwenye kazi na kukiomba kulikuwa aibu. Mama mwenye nyumba akamsifu mbele ya wenzake: "Binti huyu hana mambo mengi." Sifa ya utotoni hung'ang'ania kama doa sugu la nguo. Chuma akaolewa nayo, akazaa watoto watatu nayo, akawa mtu mzima nayo.

Alichovuna ni kichwa kilichoanza kugonga kila siku saa tisa, akakifunga kitambaa. Midomo ilipasuka. Tumbo lilikaa siku nne bila kumkumbuka. Na ukali, ambao kila mtu aliuhesabu kuwa ni tabia yake. Hata yeye mwenyewe alidhani hivyo.

Kufuli lilipokaa mlangoni, meza nzima ikaanza kuishi kama Chuma. Chupa za maji zikakauka. Nani anywe, halafu akatie alama wapi? Wiki ya kwanza walinung'unika. Wiki ya pili hawakuwa hata na mate ya kunung'unikia. Mmoja alisinzia akiwa wima. Mwingine alizozana na foronya. Mguu wa huyu ulipiga sakafu, vidole vya yule vikagonga meza, kila mmoja macho kwenye ubao. Mashuka yaliyoungua, ambayo zamani yalikuwa mawili au matatu kwa mwezi, yakafika tisa. Na Chuma, ambaye alipaswa kufurahi kwamba hatimaye hakuna wa kumshikia, alijikuta hatulii. Alihama upande huu wa meza akarudi ule. Kulikuwa na kitu ubavuni kinamchoma, kidogo kidogo, kama ncha ya sindano iliyosahauliwa kwenye nguo.

Siku ya kumi na tano sindano ikawa kisu. Kikatoka mgongoni, kikazunguka, kikashuka hadi kwenye nyonga. Mumewe alimpeleka zahanati akiwa amejikunja, na mkojo alioutoa kwa ajili ya vipimo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

"Mama, unakunywa maji kiasi gani kwa siku?" muuguzi aliuliza.

"Ya kutosha."

"Ya kutosha ni mangapi?"

"Jioni nakunywa."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Alikuwa kijana, umri wa binti yake wa kwanza, lakini hakuwa na haya. "Una kijiwe kwenye figo, mama. Ni kidogo na daktari anaona kitatoka chenyewe ukinywa maji vizuri. Ukiendelea kujikausha vitakuja vingine, na hivyo vingine huenda visikubali kutoka kwa heshima. Unafanya kazi gani?"

"Napiga pasi."

"Chumba cha joto?"

"Joto tu la kawaida."

"Basi jasho linakutoka kutwa nzima na wewe hurudishi kitu. Kunywa glasi nane, kumi, na siku ya joto kali zaidi. Kidogo kidogo tangu asubuhi, usingoje kiu. Tazama mkojo: ukiwa na rangi ya nyasi kavu, uko sawa. Ukiwa kama huu ulioniletea, ni mwili unakulaumu. Na hicho kichwa unachokifunga kitambaa, kiache wazi wiki mbili uone."

Chuma alitoka pale na dawa za maumivu na hesabu kichwani. Alikuwa na zamu moja ya asubuhi na moja ya mchana, na glasi kumi za kupitisha. Yeye ndiye aliyesababisha zamu zile. Akafikiri usiku kucha, akaja na ujanja ambao ni mpiga pasi pekee angeubuni: atapakia maji nyumbani. Glasi tano kabla ya kutoka, glasi tano akirudi, na kazini kavu kama kawaida. Namba ni ile ile, nani ataona?

Mwili uliona. Njiani kwenda kazini alikaribia kubisha hodi kwenye nyumba za watu asiowajua. Alifika akiwa anatembea kama aliyebeba yai katikati ya magoti, akachukua ufunguo kabla hajavua viatu, akatia alama. Saa mbili asubuhi, zamu imekwisha. Kufikia saa tano jasho lilikuwa limemaliza yote, midomo imekauka, na ubavu umeanza tena kusema. Jioni akapakia tena, na mumewe akalala akihesabu safari zake.

"Mke wangu, unahama?" aliuliza.

Alivumilia siku nne. Ya tano alirudi kwa muuguzi, naye alicheka mpaka akashika meza. "Mama, mwili si pipa kwamba unajaza ufunge kifuniko. Ukimwagia maua ndoo nzima siku moja, yataishi mwezi?"

Siku iliyofuata Chuma alikuja kazini na chupa. Aliiweka mezani mbele ya watu wote. Alikunywa mafunda matatu, akapiga shuka, akanywa tena. Saa nne akabanwa. Alama yake ya asubuhi ilikuwa imeshatiwa tangu alipoingia. Akahamishia uzito mguu huu, kisha ule. Akafikiri ajizuie, na ubavu ukamkumbusha kilichompeleka zahanati. Akafungua mdomo, akaufunga. Miaka kumi na moja, na neno lenyewe ni moja tu.

Mdogo wa mumewe alikuwa anamtazama. Alivuta pumzi, akaenda ubaoni, akatia alama kwenye mstari wake mwenyewe, akachukua ufunguo na kuuweka juu ya shuka la Chuma.

"Nenda, wifi. Nimekushikia."

"Sikuomba."

"Najua. Ungeomba tungeshangaa mpaka mashuka yote yaungue. Nenda kabla hujaniaibisha mimi na kaka yangu."

Chuma alikwenda. Aliporudi, pasi yake ilikuwa moto, shuka lake limekamilika, na mdogo wa mumewe hakuwa tena na zamu mpaka mchana. Mtoto wa watu alifanya kazi saa mbili zilizobaki amekaza magoti, hajagusa chupa.

Deni lile lilimkosesha Chuma raha kuliko kijiwe. Kila alipotazama upande wa pili wa meza aliuliza, "Nikushikie?" Na kila mara akajibiwa, "Bado, wifi. Sijanywa, nitabanwa na nini?" Hapo ndipo lilipomwingia. Hakuwa na njia ya kulilipa. Huwezi kumshikia pasi mtu ambaye umemfanya akauke.

Aliacha shuka katikati na kumwambia jirani wa kulia, "Nishikie." Alilisema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Jirani alishika bila kuuliza, macho yamemtoka. Chuma akaingia ofisini.

"Lile kufuli litoke," alisema.

Msimamizi alimtazama juu ya miwani. "Si wewe uliyelalamika?"

"Ni mimi. Nilisema la kijinga ukalisikia. Sasa nasema la maana, lisikie pia."

"Sheria haibadilishwi kila mtu anapoamka vibaya."

"Mashuka tisa yameungua. Kabla ya kufuli yalikuwa mawili, matatu. Nenda ghalani ukayatazame. Mtu mwenye kiu haoni anachopiga. Mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu sinywi, na nimetoka zahanati na kijiwe. Ukitaka wote tuwe na vijiwe, wacha kufuli likae, lakini pasi utashika wewe."

Msimamizi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikwenda ghalani. Alikaa huko kidogo. Aliporudi alipita katikati ya meza bila kumtazama mtu, akafungua kufuli, akalitia mfukoni.

"Pasi isiachwe peke yake," alisema mlangoni.

"Haiachwi," walijibu watatu kwa pamoja.

Chupa zilijazwa kabla mlango wa ofisi haujafungwa. Mmoja alikunywa hadi yakamtiririka kidevuni. Chuma alikunywa yake taratibu, mafunda mawili, akarudi kwenye shuka, na jicho halikutoka upande wa pili wa meza. Ilichukua karibu saa nzima. Hatimaye mdogo wa mumewe akaanza kucheza miguu.

"Unangoja nini?" Chuma aliuliza.

"Nakuonea huruma. Nikitoka utaenda tena kulalamika."

"Toka hapo."

"Lile lenyewe nilishakusamehe, wifi. Tangu ulipoingia ofisini leo."

"Mimi sikuomba kusamehewa. Leta hiyo pasi."

Mdogo wa mumewe akamsukumia pasi juu ya meza, akatoka mbio. Chuma akashika zote mbili, akalimaliza shuka la wifi yake kwanza, kona kwa kona, kisha akarudi kwenye lake.