Kiti ya Mgongo

Nafundisha Kiswahili. Naomba hilo lijulikane mapema, maana bila hilo kosa langu halina uchungu. Kila siku nawakemea watoto wa watu kwa kusema "kiti yangu", na siku niliyohitaji ngeli kuliko siku zote, niliitupa mwenyewe kando ya Barabara ya Ngong.

Mama yangu alikuwa ameacha kutoka. Tunaishi wawili tu mtaani Woodley, na kwa miaka mingi alitembea hadi kanisani kule mtaa wa Jamhuri, Alhamisi kwenye maombi ya akina mama, Jumapili kwenye ibada. Kisha magoti yakaanza. Njia nzima hakuna mahali pa kuketi, na pikipiki aliikataa katakata. Mwanamke wa umri wake, alisema, hawezi kufika mbele ya kanisa amemkumbatia kijana wa watu. Akakosa Alhamisi moja, halafu mbili, halafu hata Jumapili. Niliogopa. Nilimwona anaizoea nyumba, nikajua akishaizoea sitamtoa tena.

Wazo lilinijia nikisahihisha insha: kigoda chepesi cha kukunja, chenye mikanda miwili, akivae mgongoni kama mkoba wa shule. Akichoka anakishusha, anaketi, magoti yakitulia anaendelea. Nilikichora nyuma ya karatasi ya mtihani nikakipenda mno, mpaka darasa zima likauliza mwalimu anacheka nini.

Fundi niliyempata ana kibanda cha fanicha pale barabarani. Ni mtu wa magharibi mwa nchi, mpole, penseli haitoki sikioni. Nilijua nikimwambia "kiti cha kubebwa mgongoni" ataniona najidai. Kwa hivyo nikalegeza ulimi kama kila mtu.

"Nataka kiti ya mgongo," nikasema. "Ni ya mamangu."

"Mathe anaumwa?"

"Magoti. Hata kutembea ni shida."

"Pole sana. Sasa hii mgongo ifike wapi?"

"Hapa kwa mabega."

"Iwe laini?"

"Laini kabisa, isimuumize."

Mpaka leo nikiyarudia mazungumzo hayo sioni ni wapi ningeshtuka. Aliuliza vizuri, nikajibu vizuri. Aliutazama mchoro wangu, akaifuata ile mikanda kwa ncha ya penseli, akaitikia kwa kichwa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba yeye aliiona kuwa ni mikono ya kiti.

Jumamosi moja kikaja kwa mkokoteni. Wanaume wawili walikishusha. Wawili! Kilikuwa kiti kikubwa cha mbao nyekundu, mikono mipana, mgongo mrefu uliojazwa sponji ukifika mabegani hasa kama nilivyoagiza. Nilisimama mlangoni nikidhani wamekosea nyumba. Nilipogeuka, Mama alikuwa ameshaketi.

"Hii ni yangu?" akauliza. Akaegemea, akafumba macho. Sikuwa nimemwona ametulia hivyo kwa muda mrefu.

Siku hiyo hiyo nikamrudia fundi, damu inachemka.

"Nilikuambia kiti ya mgongo!"

"Si ndiyo hiyo, madam? Kiti ya mgongo."

"Mgongo ya kubeba! Abebe kwa mgongo!"

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Sasa madam, kiti ibebwe mgongoni, kwani ni mtoto?"

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Tulikuwa tunagombana huku tunasema neno lile lile, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amedanganya. Alikubali kujaribu hicho kigoda changu, ila nimlete Mama kwanza ampime mabega.

Alhamisi iliyofuata akina mama wa maombi walikuja kwetu kukiona. Mmoja mmoja wakakijaribu, wakapapasa mbao, wakanishika mikono. "Mwalimu, Mungu akubariki. Hii kitu uliwaza aje?" Nikasikia kinywa changu kikijibu kwamba lilikuwa wazo langu la siku nyingi. Je, ulikuwa uongo? Sijui. Nilijawa na fahari, kisha nikaionea aibu fahari yenyewe. Wazo lilitoka kwangu na mikanda, likarudi na sponji, na kila mtu ananishukuru. Kabla ya kuondoka waliamua maombi yawe hapa kwetu kila Alhamisi, Mama asihangaike.

Walipokuwa wanavaa masweta nikamwambia Mama habari za fundi kutaka kumpima. Twende polepole tu, nikasema, tupumzike njiani hata mara kumi.

"Kwani hii iko na shida gani?" akauliza, akipigapiga mkono wa kiti. "Niende wapi tena, na wewe umeniletea mahali pa kukaa?"

Alisema kwa furaha. Hilo ndilo linalonichanganya mpaka leo: kwamba alikuwa na furaha. Nilitaka kubisha, lakini wageni walikuwa wanatutazama wakitabasamu, nami nikatabasamu.

Kisha akanituma chumbani nimletee viatu vyake vyeusi vya kanisani. Moyo ukaruka. Nilivileta mbio, nikapiga magoti nimvalishe, lakini akavichukua mikononi mwangu na kumpa mwenzake aliyekaa karibu.

"Chukua wewe, bado unatembea," akamwambia, akicheka.

Yule mama akanitazama, akaniomba mfuko wa kuvibebea. Nikaenda jikoni kuutafuta.