Baba Aliyekuja Kumalizia Hesabu ya Mwanawe

Wiki hii nimeletewa habari kutoka mji wa Baraka, kando ya ziwa, kwamba mzee mmoja mkausha ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, amefariki, akazikwa siku ileile kama ilivyo desturi ya Waislamu wenzake. Wengi wenu hamkumjua. Mimi nilimjua miaka ya hamsini, nilipokuwa mwalimu kijana wa shule ya misheni, naye alikuwa na mwana katika darasa langu. Ndugu zake walimlaumu kwa kumpeleka mtoto kwa mapadri. Alivumilia lawama, ila akamwekea mwanawe sharti: kila alasiri kazi ya nyumbani aifanye kando yake, kwa sauti, hatua kwa hatua, ili baba ajue shule inampeleka wapi. Mzee mwenyewe hakujua kusoma.

Mwaka tulioanza aljebra mvulana alishikwa na homa, na juma halikwisha akafa. Baada ya matanga baba yake alikuja darasani, wanafunzi wamekwisha kutoka. Nilidhani amefuata vitu vya marehemu. Akaniambia kuna hesabu ambayo homa iliwakatiza: namba isiyojulikana, mara tatu, ongeza tano, inakuwa kumi na saba.

"Mutoto alinifikishaka hapa: tunatosha tano ku pande zote mbili. Kisha iko nini, mwalimu?"

Niliandika ubaoni, nikimsomea kila alama. Tukitoa tano, au tukitosha kama alivyosema yeye, upande mmoja inabaki namba ile mara tatu, upande wa pili kumi na mbili. Akaitikia kwa kichwa. Hapo walikuwa wamefika. Nikagawa kwa tatu pande zote mbili, nikamwambia namba ile ni nne. Aliutazama ubao asioweza kuusoma.

"Ilibakia hatua moja tu," akasema. "Alikuwa karibu ya kufika."

Akanishukuru, akaondoka. Wadogo wa mvulana yule hakuwaleta shuleni, nami sikupata moyo wa kumwomba. Tulikutana mara nyingi sokoni, tukasalimiana, lakini habari za hesabu hatukuzigusa tena.

Siku zile sisi walimu tuliwasema wazazi kama watu waliobaki nje ya elimu, wanaongoja matokeo. Leo bado nasikia wanasemwa hivyo. Lakini kazi ya nyumbani inaingia ndani ya nyumba ya watu, na huko pengine kuna mzazi asiyejua hata herufi moja, ameketi, anasikiliza. Tumfundishe mtoto kupata jibu, na tumfundishe pia kumweleza huyo njia aliyopitia. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumemchukua mtoto na kumwacha baba.